Nani alilipa mwalimu? Habari ya masomo ya misioni na feza ya Leta

Wafrateri wengi wanazani masomo ya Kikatoliki ni mali ya Kanisa, sawasawa na kengele ya misioni. Wazazi wengi wanazani ni mali ya Leta, na padri ni mulinzi tu. Wote wawili wanashika nusu ya neno. Tukitaka kujua masomo ni ya nani, tusiangalie kwanza ubao ulioandikwa mbele ya nyumba; tuulize nani alilipa mwalimu, na alimulipa kwa sharti gani. Swali hili lina miaka zaidi ya mia katika inchi yetu, na jibu lake limebadilika mara nyingi. Tutalifuata hapa tukisimama upande wa Yanonge, kwa sababu mapatano yanaandikwa Roma, Bruxelles na Kinshasa, lakini uzito wake unaonekana vizuri pale ambapo barabara inakuwa njia ya miguu.

Yanonge iko ngambo ya kushoto ya muto Kongo, chini ya Kisangani, katika teritware ya Isangi. Ukingoni wanakaa Walokele, wavuvi na wachuuzi wa muto. Nyuma, ndani ya pori, wanakaa wenye kulima mupunga, muhogo na michikichi. Watu wa soko la Kisangani wanajua Yanonge kwa muhogo na makala kuliko kwa vitabu. Chini zaidi, ngambo ya kuume, ni Yangambi, pale Wabelgiji walipoweka INEAC, kituo chao kikubwa cha kuchunguza mashamba, tangu mwaka 1933. Na kwenye ukingo uleule wa kuume, karibu na Kisangani, ni Yakusu, misioni ya Wabaptisti Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19. Wasomaji walishike hilo jina la Yakusu, litarudi.

Misioni ya Kikatoliki katika sehemu zetu ilianzishwa na Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mutakatifu. Kwa Noeli ya mwaka 1897 alifungua misioni ya Mutakatifu Gabrieli karibu na Stanleyville, na baadaye akawa askofu wa kwanza. Wakati ule Leta haikuwa na masomo yake ila machache sana. Mfalme Leopold wa Pili alitaka kazi ifanyike, lakini hakutaka garama. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 1904 Waingereza walikuwa wakimushitaki mbele ya ulimwengu kwa sababu ya ukatili wa mupira, naye alihitaji rafiki. Hivi ndivyo yalivyozaliwa mapatano ya 26 Mei 1906 kati ya Leta Huru ya Kongo na Baba Mutakatifu.

Mapatano yale si marefu, na kila mufrateri angefaa kuyasoma mara moja. Leta inatoa kwa kila misioni udongo wa hektari 100, au 200 ikilazimu, bure na kwa milele. Misioni inajifunga kujenga masomo kwa kadiri ya uwezo wake. Programu itaonyeshwa kwa Gavana Mukuu. Watoto watafundishwa kulima na kazi za mikono, na luga za Ubelgiji zitakuwa na nafasi ya maana. Udongo, basi, ulitolewa. Sharti likawekwa. Lakini kwa mwalimu wa kila siku, yule mwenye kusimama mbele ya watoto asubuhi, mapatano hayakupanga mushahara hata wa franka moja.

Basi nani alimulipa? Jibu linajulikana na wazee wote wa parokia. Mwalimu wa kwanza alikuwa katekista. Alijenga kanisa la majani pamoja na watu wa kijiji. Asubuhi alifundisha sala, kisha herufi na hesabu, katika nyumba ileile. Misioni ilimupa nguo, chumvi, mara zingine feza kidogo iliyotoka kwa wafazili wa Ulaya. Chakula alikipata kwake. Tunaweza kusema bila kuongeza neno: kwa miaka ishirini ya kwanza masomo ya misioni yalilipwa na sadaka za Wakristu wa Ulaya na jasho la bibi ya katekista katika shamba lake.

Kisha vita vya 1914–1918 mambo yalibadilika. Kongo ilikuwa imekwisha kuwa koloni la Ubelgiji tangu 1908, na wakubwa wa koloni walihitaji makarani, waganga-wasaidizi, wajenzi. Waziri Louis Franck aliita tume mwaka 1922 ili kuchunguza masomo. Uamuzi wake ulikuwa wa watu wenye kuhesabu feza: kujenga masomo ya Leta katika kila kijiji ni garama kubwa, lakini misioni ziko tayari na zinatosheka na kidogo. Kwa hiyo Leta itatoa musaada, misioni itafundisha. Mikataba ikaandikwa miaka ya 1925 na 1926, na mwaka 1929 programu ikatoka katika kitabu chenye jalada la manjano, kile wamisionari walikiita tu «kitabu cha manjano».

Hapa ndipo franka za Leta ziliingia katika nyumba ya mwalimu. Hazikuingia peke yake. Ziliingia na listi: majina ya walimu wenye diploma, hesabu ya wanafunzi, programu ya kufuata, na mumisionari-inspekta wa kupita na kuandika ripoti. Mwenye kuwa katika listi alilipwa. Asiye ndani yake hakulipwa. Na masomo mengi ya pori, yale ya katekista, hayakuwa katika listi. Hivi vijiji vingi vikaanza kuona watu wawili pale ilipokuwa mutu mumoja: munitera mwenye diploma na mushahara, na katekista mwenye rozari na shamba. Wote wawili walikuwa watoto wa misioni moja. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tunasema sana juu ya kuongezeka kwa masomo katika miaka ile, na ni kweli yaliongezeka kabisa. Hatusemi sana juu ya heshima ya katekista, iliyoanza kupungua pale. Kijana mwenye akili aliona vizuri njia ipi ina feza.

Turudi Yakusu. Musaada wa 1926 ulipewa misioni «za taifa», maana yake zile za Wabelgiji, na hizo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Wabaptisti wa Yakusu walikuwa na masomo mengi katika vijiji vya Walokele na hospitali yenye sifa, lakini walikuwa Waingereza. Kwa kazi ya masomo hawakupata kitu. Mulokele Muprotestanti na Mulokele Mukatoliki walilipa kodi sawasawa kwa Bula Matari, kichwa kwa kichwa, na kodi ile ilisaidia kulipa mwalimu wa mumoja tu. Ni waziri Robert Godding, mutu wa chama cha Waliberali, aliyeamua mwaka 1946 kwamba Waprotestanti nao watapata musaada, na jambo likaanza kutendeka mwaka 1948. Miaka ishirini na zaidi! Haikuwa haki, na hatuoni kwa nini Wakatoliki tuache watu wengine walitaje neno hilo pahali petu.

Tena, jambo lile lilitayarisha lingine. Mutu aliyekula peke yake hashangazwi sana siku sahani inapovutwa. Mwaka 1954 Waliberali na Wasosialisti walishika utawala Bruxelles, na Auguste Buisseret akawa waziri wa makoloni. Alituma wachunguzi watatu, mabwana Coulon, Deheyn na Renson, nao wakarudi na ripoti yenye ukali juu ya masomo ya misioni. Buisseret akafungua masomo ya Leta, yasiyo ya dini, kwa watoto weusi wa miji, na akaanza kupunguza musaada wa misioni. Maaskofu walipaaza sauti. Katika Ubelgiji kwenyewe kulikuwa moto uleule, kwa sababu ya sheria za waziri Collard za 1955, na moto ule haukuzimika ila kwa Mapatano ya Masomo ya Novemba 1958.

Wazee wetu waliita jambo hili vita vya masomo. Mapadri wa wakati ule waliandika kwamba Buisseret alileta ugomvi wa Ulaya katika Afrika, na hawakudanganya. Lakini tuseme na upande wa pili. Weusi wengi wenye kusoma walifurahi. Katika Stanleyville, Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta, alikuwa karibu na Waliberali na alitamani masomo ya Leta. Watu hawa hawakuwa wote adui wa Mungu. Wengi waliona tu kwamba mutoto wa muzungu anafundishwa vingine na mutoto wao vingine. Misioni ilijibu kwa kutetea haki ya wazazi. Neno zuri. Ila katika ugomvi ule wote hatuoni pahali ambapo muzazi wa Yanonge, mwenye kulipa kodi, aliulizwa anataka nini.

Uhuru ukafika 30 Juni 1960, kisha uasi wa Wasimba. Walishika Stanleyville mwanzo wa Agosti 1964, na muji ukarudishwa 24 Novemba. Damu ya miezi ile wasomaji wanaijua: Mwenye Heri Anuarite huko Isiro, Monsinyori Wittebols wa Wamba, na mapadri wengi wa Moyo Mutakatifu. Kwa habari yetu tuongeze neno moja tu. Wamisionari walipokufa au kukimbia, mahali pengi ni walimu na makatekista wa inchi waliobaki na ufunguo wa darasa.

Mwaka uliofuata, 28 Oktoba 1965, Mutaguso wa Vatikano ulitoa tamko lake juu ya malezi ya Kikristu, Gravissimum educationis. Ndani yake mna fundisho ambalo linafaa kuwekwa karibu na mapatano ya 1906, ili tofauti ionekane. Mababa wa Mutaguso wanafundisha kwamba serikali inapashwa, kwa haki ya kugawanya vizuri, kutoa musaada wa feza kwa namna ambayo wazazi watakuwa huru kweli kuchagua masomo ya watoto wao kufuatana na zamiri. Tuangalie vema nani amepewa haki hapa. Si askofu, si shirika la watawa. Feza ya watu wote inafuata uhuru wa baba na mama. Mwaka 1906 walipatana wakubwa wawili juu ya udongo. Mwaka 1965 Kanisa linasema juu ya muzazi.

Mobutu alikuwa na fundisho lingine. Mwaka 1971 alichukua Chuo Kikuu cha Lovanium. Mwisho wa 1974 akatangaza kwamba masomo yote ni ya Leta. Somo la dini likaondolewa, pahali pake pakawekwa fundisho la chama. Leta sasa ilikuwa mwenye kulipa na mwenye kushika, bila mutu katikati. Haikudumu. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, sanduku la Leta likawa tupu, na wakubwa wakagundua kwamba kuandika «mali ya Leta» juu ya nyumba hakuleti chaki ndani yake. Tarehe 26 Februari 1977 Leta ilitia saini na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu yale mapatano yanayotawala mpaka leo. Waislamu waliingia baadaye. Tangu siku ile tunasema masomo ya konvansioni.

Konvansioni ya 1977 haikurudisha mambo ya zamani, na hapa ndipo wengi wanakosa. Masomo yalibaki ya Leta. Leta inaweka programu, inatoa diploma, inatuma inspekta, inalipa mishahara. Kanisa linaongoza: linaweka mukubwa wa masomo, linahamisha walimu, linatunza nidamu na roho ya nyumba, linafundisha dini. Walipoulizwa masomo ni ya nani, wenye kutia saini walijibu kwa kweli: ni ya Leta katika mikono ya Kanisa.

Inchi zingine zinatafuta jambo hilihili kwa taabu. Katika Marekani, tangu sheria ya Minnesota ya mwaka 1991, kuna masomo yanayoitwa charter: yanaongozwa na watu wasio wa Leta kwa mukataba, lakini feza ni ya watu wote. Katika jimbo la Pennsylvania wilaya ya masomo ya kila pahali inalipa kwa kila mutoto wake anayekwenda huko, na wilaya nyingi zinalia kwamba zinamalizwa. Wakatoliki wa Oklahoma waliomba mukataba wa namna hiyo kwa masomo ya Mutakatifu Isidori wa Sevilla. Mahakama ya jimbo iliwakataza mwaka 2024, na 22 Mei 2025 waamuzi wa Mahakama Kuu ya Washington waligawanyika wanne kwa wanne, hivi katazo likabaki. Jambo ambalo Wamarekani wanalishindania mbele ya waamuzi, sisi tunalo kwa saini tangu 1977. Kukosa kwetu ni kwingine: wao wanagombania nani apate feza, sisi tulipata mukataba, feza ikapotea.

Maana katika miaka ya 1980 Leta ilikaza mukanda kwa shauri la benki za ulimwengu. Walimu walihesabiwa upya, SECOPE ikaanzishwa ili kuchunguza mishahara, na mushahara wenyewe ukaliwa na kupanda kwa bei. Mwanzo wa miaka ya 1990 hapakuwa tena mushahara wa kuitwa hivyo. Walimu waligoma mwezi kwa mwezi. Ndipo, katika miaka ya 1992 na 1993, Kanisa na wazazi walipatana kwamba wazazi watoe kitu kwa mwalimu, kwa muda, ili watoto wasipotee. Watu waliita kitu hicho primi, au motivasioni.

Tunataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu tunaona hili ndilo tukio kubwa kuliko yote ya habari yetu, kuliko 1954, kuliko 1974. Primi iliokoa masomo. Bila primi, vijiji vingi visingekuwa na darasa moja kwa miaka kumi, na mapadri wengi wanaosoma makala hii wasingejua kuandika. Hayo yasemwe kwanza. Lakini kile cha muda kilidumu karibu miaka makumi tatu. Kwanza kililipa mwalimu. Kisha kikaanza kupanda ngazi. Sehemu ilikwenda kwa ofisi ya koordinasioni, sehemu kwa ofisi ya Leta ya pale karibu, sehemu kwa mukoa, na ingine mbali zaidi. Katika 1926 feza ilishuka kutoka juu mpaka kijijini pamoja na listi. Sasa ilitoka kijijini ikapanda juu. Mama wa Yanonge aliyeuza muhogo ili mutoto asifukuzwe darasani alikuwa analisha, bila kujua, mushahara wa mukubwa mwenye kazi ya kumuchunguza mwalimu wake. Na asiyekuwa na kitu cha kuuza, mutoto wake alirudishwa nyumbani. Aliyemurudisha mara nyingi alikuwa mukubwa wa masomo aliyewekwa na Kanisa. Tamko la 1965 lilisema feza ya watu wote ifuate uhuru wa wazazi. Sisi tulifika pale ambapo uhuru wa wazazi ulifuata feza yao.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema masomo ya musingi ni ya lazima na ya bure katika nyumba za Leta. Kwa kuwa masomo ya konvansioni ni ya Leta, kifungu kinatuhusu. Mwaka 2010 serikali ilijaribu katika madarasa ya chini, kwa nguvu kidogo. Kuanzia mwaka 2011 mishahara ikaanza kupita katika benki. Na kwa kuwa benki haziko vijijini, Caritas ikapewa kazi ya kuipeleka mahali pengi. Hivi Kanisa, lililokuwa limepokea franka za Leta mwaka 1926, likawa tena muchukuzi wake.

Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, masomo ya musingi ya bure, ile gratwite, yalitangazwa kwa inchi nzima. Benki ya Ulimwengu ikakubali mwaka 2020 kutoa dola milioni 800 kusaidia. Watoto wakaja. Walikuja wale waliokuwa wamerudishwa, na wadogo zao, hata wakubwa waliokwisha kuacha. Mahali pengi darasa moja lilijaa kupita nafasi ya viti, na walimu waligoma tena, kwa sababu mushahara wa Leta peke yake haukufikia kile walichopata zamani pamoja na primi. Maaskofu waliunga mukono wa gratwite, na walifanya vema; lakini katika koordinasioni na katika parokia wengine waliilia kimya primi, na tunaelewa kwa nini.

Kumebaki jambo moja, nalo liko mezani pa kila paroko wa vijijini. Kuna walimu wenye namba na mushahara. Kuna wengine, wengi, ambao hati yao ya kuwekwa kazini iko, wanafundisha kila siku, lakini jina lao halijaingia katika listi ya Kinshasa. Watu wanawaita kwa herufi mbili tu, N.P., wasiolipwa. Zamani primi iliwalisha. Gratwite imekataza primi, na listi haijawafikia. Mwalimu N.P. wa upande wa Yanonge leo anaishi kama katekista wa mwaka 1920: shamba lake, bibi yake, na kuku anayeletewa na muzazi mwenye huruma, ambaye pengine sheria itamuhesabia kuku yule kuwa makosa.

Konvansioni inampa Kanisa uwezo wa kuomba darasa jipya na wa kuweka mwalimu ndani yake. Haimupi uwezo wa kuandika namba yake. Paroko anaweza kufungua darasa la pili kwa watoto mia waliobanwa katika chumba kimoja, akijua kwamba mwalimu atakayemuweka hatalipwa, labda mwaka mumoja, labda mitano. Anaweza pia kungoja namba ifike, na watoto wakae watatu watatu juu ya benchi moja, wa nyuma wasimame. Mwezi wa Septemba unapokaribia anapashwa kuchagua.